Tahadhari za moto kwa fundi bomba anayelehemu

Na Mwandishi Wetu, Njombe

MOTO unaoteketeza nyumba baada ya fundi bomba kuondoka hauanzi kwa kishindo. Huanzia kwenye ubao mmoja ulio nyuma ya bomba, ubao uliopata joto kwa dakika mbili tatu, ukageuka mweusi, kisha ukaanza kufukuta polepole ndani ya ukuta ambamo jicho halifiki. Fundi hufunga mfuko wake wa vifaa, hulipwa ujira wake na kuaga. Saa moja au mbili baadaye ndipo moshi hutokeza darini.

Katika kata ya Kichiwa, Wilaya ya Njombe, na katika miji ya Makambako na Njombe, hatari hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu ya vitu vilivyotumika kujengea na vinavyohifadhiwa ndani ya nyumba. Hii ni nchi ya mbao. Miti ya miwati imepandwa kibiashara Njombe tangu mwaka 1949 ilipoanzishwa Kampuni ya Tanganyika Wattle, na siku hizi mashamba ya misindano na mikaratusi yanaonekana kila upande. Makambako, mji ulio kwenye njia panda ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na ile iendayo Njombe na Songea, na wenye stesheni ya reli ya TAZARA, umekuwa mlango wa kupitishia mbao hizo kwenda Dar es Salaam na kwingineko.

Kenchi za paa, dari, kabati za jikoni na mara nyingine kuta zenyewe ni za msindano. Mti huo una utomvu unaoshika moto kwa urahisi, na mbao zake zikikaa darini miaka kumi juu ya jiko la kuni huwa kavu kupindukia.

Jambo la pili ni baridi. Mji wa Njombe upo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai asubuhi zake hufahamika na kila aliyewahi kulala huko. Kwa hiyo nyumba za wageni, hospitali na familia zenye uwezo hutaka maji ya moto, na pamoja na maji ya moto huja mabomba ya shaba: kwenye hita za umeme, kwenye mitambo ya kupasha maji kwa jua, bila kusahau majokofu na vyumba vya baridi vya kuhifadhia mazao. Shaba ndiyo inayomlazimu fundi kushika tochi ya gesi.

Ni kweli kwamba mafundi bomba wengi nchini hawalehemu kila siku. Mabomba ya plastiki yamechukua nafasi kubwa, na yale ya chuma huunganishwa kwa kukata hesi. Lakini hapo ndipo penye tatizo. Kazi ifanywayo mara moja kwa mwezi hufanywa bila mazoea, kwa tochi ya kuazima, na mara nyingi kwa haraka.

Kulehemu ni kuunganisha vipande viwili vya madini kwa kuyeyusha madini ya tatu, yaani lehemu, yenye kuyeyuka kwa joto dogo kuliko vile vipande vyenyewe. Lehemu ya bati na shaba kidogo inayotumika kwenye mabomba ya maji ya kunywa huyeyuka kwenye nyuzijoto 230 hivi za Selsiasi. Ile ya zamani yenye risasi huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzijoto 183 na kuendelea, lakini haifai kabisa kwa maji ya kunywa kwa kuwa risasi ni sumu. Mafundi wa majokofu hutumia lehemu ngumu yenye fedha au shaba, ambayo hudai nyuzijoto 600 hadi 800.

Sasa yalinganishwe na mwali wenyewe. Gesi ya kupikia inayowaka ikichanganyika na hewa hutoa mwali unaokaribia nyuzijoto 1,900 na zaidi. Mtungi wa asetilini pamoja na oksijeni hutoa mwali unaozidi nyuzijoto 3,000. Mbao kavu zikiguswa na mwali huweza kuwaka zinapofikia nyuzijoto 250 hadi 300 hivi. Maana yake ni kwamba joto linalotosha kuyeyusha lehemu halipishani sana na joto linalotosha kuwasha ubao, na mwali unaotumika kuleta joto hilo ni mkali mara kadhaa kuliko vyote viwili.

Tena shaba hupitisha joto kwa kasi, mara tano hivi kuliko chuma. Fundi anapochoma kiungo kilicho nje ya ukuta, bomba hulibeba joto hilo hadi ndani ya ukuta na kuligusisha kwenye mhimili wa mbao, kwenye maranda, kwenye kiota cha panya au kwenye matambara yaliyoshindiliwa tundu la bomba ili upepo usipite. Fundi huona upande wake tu.

Sababu ya kawaida inayomfanya fundi achome kupita kiasi ni ndogo mno: maji yaliyobaki ndani ya bomba. Maji yakiwepo, kiungo hakifikii joto la kuyeyusha lehemu, kwani joto lote huishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Fundi huongeza gesi, husogeza mwali, hukaa dakika tano mahali pa nusu dakika. Wakati wote huo, ubao wa nyuma unaungua.

Kwa hiyo tahadhari ya kwanza haihusu moto bali maji. Bomba lifungwe kwenye koki kuu, limwagwe hadi tone la mwisho kwa kufungua bomba la chini kabisa nyumbani, kisha bomba la juu liachwe wazi. Kuliacha wazi kuna faida mbili: hewa huingia na maji hushuka, na mvuke hupata pa kutokea. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na bomba lililofungwa pande zote mbili likichomwa huweza kumrushia fundi kiungo usoni pamoja na lehemu iliyoyeyuka.

Hata hivyo kufunga koki kuu huzaa hatari nyingine ambayo wengi huisahau. Nyumba haina maji tena. Moto ukitokea dakika ile, mwenye nyumba hukimbilia bomba na kulikuta kavu. Ndoo mbili au tatu zijazwe kabla koki haijafungwa, na ziwekwe pale pale kazini, si uani.

Kabla ya kuwasha tochi, fundi hana budi kujiuliza kama kuna ulazima wa kuwasha. Zipo njia za kuunganisha shaba bila moto: viungo vya kukaza kwa nati na pete, ambavyo huhitaji spana mbili tu, na viungo vya kuminywa kwa mashine. Ni ghali kidogo kuliko lehemu, lakini ndani ya dari ya mbao bei hiyo si kubwa. Pale ambapo lazima kulehemu, sehemu kubwa ya viungo inaweza kulehemiwa nje, juu ya benchi au sakafu ya saruji, kisha kipande kizima kikaingizwa na kubakiza kiungo kimoja au viwili tu vya kumalizia ndani.

Kiungo kisafishwe kwa msasa hadi kimetemete na kupakwa dawa ya kulehemu kwa kiasi. Ushauri huu ni wa moto kama ulivyo wa ubora: kiungo safi hushika lehemu upesi, na mwali hukaa muda mfupi.

Kisha mahali pasafishwe. Kanuni za kimataifa zinazohusu kazi za moto hutaka vitu vinavyoshika moto viondolewe umbali wa mita 11 hivi kuzunguka eneo la kazi, au vifunikwe kama haviondoleki. Ndani ya nyumba ya kawaida mita 11 ni nyumba nzima, na hakuna atakayehamisha kitanda, kabati na magunia ya mahindi ya familia kwa ajili ya kiungo kimoja. Kinachowezekana ni hiki: mapazia, magodoro, makaratasi, mafuta ya taa na maranda yatoke chumbani. Vilivyobaki vifunikwe. Wavu wa buibui na vumbi la darini vifagiliwe, maana vumbi kavu hupeleka moto kutoka pembe moja hadi nyingine kabla mtu hajashuka ngazini.

Nyuma ya kiungo iwekwe kinga. Blanketi la kuzuia moto linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama ndilo bora. Kipande cha bati pia husaidia, alimradi kisigusane na ubao, kwa kuwa bati lenyewe hupata moto na kuupitisha; nafasi ya vidole viwili yatosha. Vipande vya mabati ya zamani ya asbesto, ambavyo baadhi ya watu huviona kuwa kinga nzuri, visitumike kamwe, kwani vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yasiyo na tiba. Mbao zinyunyiziwe maji, na kitambaa kilicholoweshwa kizungushiwe bomba pande zote mbili za kiungo ili joto lisisafiri.

Hapa wakulima wa Njombe wana kifaa ambacho wengi wa mijini hawana. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya viazi, lile la lita 15 au 16, likioshwa vizuri na kujazwa maji safi huwa kizimamoto cha kwanza kinachofaa sana kwa mbao. Hufika darini, hulowesha bila kumwaga, na huzima cheche nyuma ya ukuta kupitia tundu dogo. Liwe limeoshwa kweli; baadhi ya dawa za shambani huwaka, na mvuke wake ni sumu.

Vizimamoto vya dukani navyo si vya aina moja. Cha unga mkavu hufaa kwa mbao, mafuta na vifaa vya umeme. Cha hewa ya kaboni hufaa kwa umeme na mafuta, lakini kwenye mbao zinazofukuta hakisaidii sana, kwa kuwa hakipoozi kitu na moto hurudi. Maji hufaa kwa mbao na nguo, na ni marufuku kwenye nyaya zenye umeme au mafuta yanayowaka. Kwa kuwa hita nyingi ni za umeme, swichi kuu izimwe kabla ya kazi kuanza.

Gesi yenyewe yahitaji aya zake. Mitungi ya kilo 6 na kilo 15 ya gesi ya kupikia ndiyo inayoonekana zaidi mikononi mwa mafundi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili, hivyo ikivuja haipandi bali hutambaa chini na kujaa mashimoni, kwenye chemba za maji machafu na chini ya sakafu za mbao. Fundi bomba hufanya kazi sehemu hizo hizo. Mtungi usishushwe shimoni pamoja na fundi. Ubaki juu, umesimama wima, na mpira tu ndio ushuke.

Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni kwenye viungo vya mpira na regyuleta. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Kupima kwa kiberiti ni desturi iliyowaunguza wengi nyuso.

Baridi ya Njombe ina hila yake katika jambo hili. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Propeni huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri, lakini buteni huchemka karibu na sifuri yenyewe. Asubuhi ya Julai, mtungi uliokaribia kwisha huwa umebakiwa na buteni zaidi, na mwali hudhoofu. Ndipo fundi hushawishika kuusogeza mtungi karibu na jiko la mkaa, au kuupitishia tochi ile ile ubavuni ili upate nguvu. Kufanya hivyo ni kutengeneza bomu. Mtungi uliodhoofika uondolewe, uwekwe juani, au uletwe mwingine.

Wanaotumia asetilini na oksijeni wana masharti zaidi: mitungi isimame, ifungwe mnyororo, mipira iwe na vali za kuzuia moto kurudi nyuma, na mafuta au grisi visiguse vali ya oksijeni, kwani grisi ikikutana na oksijeni yenye mgandamizo huweza kulipuka bila cheche yoyote.

Mafundi wasiolehemu kabisa wasidhani hayo hayawahusu. Gundi ya mabomba ya plastiki ina viyeyushi vinavyowaka upesi kama petroli, na kopo lililoachwa wazi ndani ya bafu lisilo na dirisha hujaza mvuke chumba kizima. Mwenzake akiwasha tochi kwenye kiungo cha hita mita mbili kutoka hapo, chumba huwaka kwa mara moja. Gundi ifungwe, itolewe nje, na chumba kipitishwe hewa kabla moto haujawashwa. Aidha, ile tabia ya kuchoma ncha ya bomba la plastiki kwa moto wa makaratasi ili itanuke na kumeza bomba jingine haina utetezi. Kiungo huwa dhaifu, moshi wake una tindikali inayochoma koo, na matone ya plastiki inayowaka hudondokea lolote lililo chini.

Ulimwengu umejifunza hayo kwa gharama. Februari 9, 1942, meli ya Kifaransa Normandie, moja ya meli kubwa kabisa za abiria za wakati wake, iliungua bandarini New York baada ya cheche za tochi ya kukatia chuma kuangukia rundo la maboya ya kujiokolea. Agosti 30, 1989, jumba la kale la Uppark nchini Uingereza liliteketea kwa moto uliotokana na tochi ya mafundi waliokuwa wakikarabati risasi ya paa, zikiwa zimebaki siku chache kazi imalizike; ilichukua hadi 1995 kulifungua tena. Aprili 11, 1996, watu 17 walikufa katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, kwa moto ulioanzishwa na uchomeleaji juu ya dari. Hawakuwa wanafunzi wa ufundi. Walikuwa mafundi kazini, kama wengine.

Karibu zaidi na Njombe, mwezi Agosti 2009 wanafunzi 12 wa Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa walikufa bweni lao lilipoungua. Chanzo kilichotajwa kilikuwa mshumaa, si tochi ya fundi. Mwali wa mshumaa ni mdogo kuliko wa tochi yoyote ya kulehemu.

Tahadhari inayopuuzwa kuliko zote ni ya baada ya kazi. Viwango vya Marekani vya kazi za moto, ambavyo kwa miaka mingi vilitaka eneo liangaliwe kwa nusu saa baada ya mwali kuzimwa, viliongeza muda huo kuwa saa nzima mwaka 2019. Sababu ni ule moto wa kufukuta. Fundi abaki, aguse ukuta kwa nyuma ya kiganja, anuse, apande darini na kurunzi. Ukuta ukiwa wa moto mahali ambapo bomba limekwisha kupoa, ubao ufunguliwe bila kubishana na mwenye nyumba kuhusu rangi.

Nani atamlipa fundi kwa saa hiyo ndilo swali lenyewe. Fundi wa mtaani hulipwa kwa kazi, hahesabiwi muda, na mteja mwingine anamsubiri Makambako. Akibaki ameketi sebuleni kwa saa nzima huonekana mvivu. Njia ya haki ni kuihesabu saa hiyo katika bei tangu mwanzo, na mwenye nyumba kuelezwa anacholipia. Kazi ya kulehemu isianze jioni. Ikianza saa tatu asubuhi, saa ya uangalizi hukamilika kabla ya chakula cha mchana, na watu wa nyumbani wako macho mchana kutwa.

Katika majengo ya taasisi, utaratibu ni mgumu zaidi na ndivyo inavyopasa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake, na utekelezaji wake husimamiwa na OSHA. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 hulipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo. Hospitali, shule au hoteli inayomruhusu fundi kuwasha tochi darini yafaa itoe kibali cha maandishi cha siku hiyo, chenye jina la fundi, chumba, saa ya kuanza, na jina la mtu wa pili anayesimama na kizimamoto wakati fundi analehemu. Fundi hawezi kuangalia lehemu na kuangalia cheche kwa wakati mmoja. Baadhi ya mikataba ya bima nayo huweka masharti ya kazi za moto, na asiyeyasoma huyasoma baada ya hasara.

Fundi mwenyewe avae nguo za pamba au jinzi, mikono mirefu, miwani na viatu vya ngozi. Nguo za nailoni huyeyuka na kung'ang'ania mwilini. Akiungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunikwe kwa kitambaa safi na aende kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai na unga havitibu jeraha la moto. Huhifadhi joto na kumpa mganga kazi ya kuvibandua.

Moto ukimshinda mtu wa kwanza mwenye ndoo, watu watoke wote na mlango ufungwe nyuma yao ili moto ukose hewa. Namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kupiga ni bure. Mpigaji ataje kijiji na kitongoji, barabara inayoingilia, alama iliyo karibu kama shule, kanisa au kiwanda cha mbao, na aseme wazi kama kuna mtungi wa gesi uliobaki ndani.